Maisha ya Ernest Starling, Mtu Aliyefuata Njia ya Maji Mwilini

Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtu mmoja wa Uingereza, jina lake Ernest Henry Starling, aliyefariki katika mwaka wa 1927. Madaktari na wanafunzi wa udaktari wa dunia nzima walijua jina lake, walakini katika nyumba zetu halitajwi. Hata hivyo jambo alilolichunguza limo katika nyumba zetu kila siku, nasi twalitazama bila kulitambua.

Mtu akipita katika vitongoji vya Dar es Salaam, kama Mbagala na Tandika upande wa Temeke, au Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, huenda akamwona mzee ameketi barazani, mguu wake mmoja umevimba na ngozi imekuwa nene kama gome la mti. Hayo ndiyo matende. Atasikia pia habari za mwanamume mwenye busha, asiyetoka nje kwa haya. Pengine ataonyeshwa mtoto aliyeachishwa ziwa, uso na miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, hataki kula wala kucheza.

Kila uvimbe umezushiwa maneno yake. Mwenye matende husemwa amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Mwenye busha husemwa amekunywa madafu kupita kiasi. Naye mama wa mtoto hutwikwa neno zito kuliko yote, kwamba mtoto amebemendwa, yaani wazazi hawakujizuia katika siku za kunyonyesha. Hivyo ugonjwa mmoja huumiza mara mbili: waumiza mwili wa mgonjwa, tena wavunja heshima ya jamaa yake.

Lakini uvimbe ulio mpya ukibonyezwa kwa kidole, aghalabu huacha shimo, kisha shimo lile hujaa polepole. Kilichomo ndani ni maji. Je, maji hayo yametoka wapi, na kwa nini hayakurudi yalikotoka? Starling aliliuliza swali hilo akiwa kijana, na jibu lake lafaa kujulikana na kila mtu anayeingia katika nyumba ya mgonjwa.

UTOTO WAKE NA MASOMO

Starling alizaliwa mjini London tarehe 17 Aprili 1866. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye alifanya kazi katika mahakama ya Bombay, Bara Hindi, akarudi kwao mara chache tu. Basi mama ndiye aliyewalea watoto. Alipopata umri wa miaka 16, katika mwaka wa 1882, kijana aliingia Guy's Hospital mjini London kujifunza udaktari. Alikuwa na akili nyepesi na bidii nyingi, tena alisema waziwazi yaliyomo moyoni mwake. Desturi hiyo haikumwacha hata mwisho wa maisha yake. Ilimpatia marafiki wengi, na maadui si haba.

Katika mwaka wa 1885 alikwenda Heidelberg, Ujerumani, akajifunza kwa Profesa Kühne. Zamani hizo Wajerumani walikuwa wametangulia katika elimu ya kazi za mwili, yaani kujua jinsi mwili mzima unavyotenda kazi kabla haujaugua. Starling aliona kwamba daktari asiyeijua elimu hiyo ni kama fundi wa saa anayejua kuifungua tu, asijue kwa nini gurudumu moja huligeuza la pili. Aliporudi Uingereza alimaliza masomo yake ya udaktari, lakini hakuitafuta kazi ya kutibu watu wenye mali, ambayo ingalimpa fedha upesi. Aliuchagua uchunguzi.

Katika mwaka wa 1891 alimwoa Florence Wooldridge, mjane wa mwalimu mmoja wa Guy's Hospital aliyekufa kijana. Mama huyu alikuwa binti wa daktari, naye alimsaidia mumewe sana katika kuandika vitabu vyake. Wakati huohuo Starling alifanya urafiki na William Bayliss, mtu aliyemzidi umri kwa miaka sita. Starling alikuwa mwepesi na mwenye haraka. Bayliss alikuwa mpole, mwangalifu, hasemi neno kabla ya kulipima. Katika mwaka wa 1893 Bayliss alimwoa dada yake Starling, hata marafiki wakawa mashemeji. Walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi, na kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenziwe alikikosa.

SWALI LA MAJI

Ili tufahamu kazi yake kubwa, yatupasa kwanza kuitazama njia ya damu. Moyo huisukuma damu katika mishipa mikubwa. Mishipa hiyo hugawanyika kuwa midogo zaidi, kama Barabara ya Kilwa inavyogawanyika kuwa mitaa, na mitaa kuwa vichochoro. Vichochoro vya damu ni vyembamba kuliko unywele, na kuta zake ni nyembamba mno. Humo ndimo kazi yenyewe inamofanyika. Maji yenye chumvi, sukari na vitu vingine vya kulisha mwili hupenya katika kuta hizo, hulowesha nyama yote, kisha hukusanywa na kurudishwa.

Mtu mzima ana maji ya damu kama lita 3 tu, mbali na chembe nyekundu. Kama maji yangekuwa yakitoka bila kurudi, mishipa ingekauka katika muda mfupi. Na kama yasingetoka kabisa, nyama ingekosa chakula. Basi ni nguvu gani iyatoayo, na ni nguvu gani iyarudishayo?

Wataalamu wa siku zile walikuwa wamegawanyika. Carl Ludwig wa Leipzig alifundisha kwamba maji hupenya kwa kusukumwa na damu, kama maji yanavyovuja katika mtungi wa udongo. Rudolf Heidenhain wa Breslau hakukubali. Alisema kwamba chembe hai za kuta za mishipa huyatema maji kwa nguvu zao wenyewe, kama tezi za mdomoni zinavyotema mate. Heidenhain alikuwa mtu mashuhuri, na majaribio yake yalionekana kuwa na nguvu.

Katika mwaka wa 1892 Starling alisafiri mpaka Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, akajifunza katika nyumba ya uchunguzi ya Heidenhain mwenyewe. Alitazama kwa macho yake kazi ya mzee huyo, akajifunza ustadi wake, kisha alirudi London, akayarudia majaribio yale pamoja na Bayliss, wakipima msukumo wa damu kila mara. Waliona ya kuwa kila maji yalipozidi kutoka, ama msukumo ulikuwa umepanda mahali fulani, hasa katika mishipa ya ini, ama kuta za mishipa zilikuwa zimedhurika. Hapakuwa na haja ya kudhani kwamba kuta hutema maji. Hivyo mwanafunzi alipingana na mwalimu wake, walakini alifanya hivyo kwa vipimo, wala si kwa matusi.

JIBU LAKE

Lakini nusu ya swali ilibaki. Kama msukumo wa damu huyatoa maji, ni nini kiyavutacho kurudi?

Starling alifanya jaribio ambalo twaweza kulieleza kwa maneno machache. Alitia maji ya chumvi katika nyama ya mguu mmoja wa nyuma wa mbwa, hata ukavimba. Mguu wa pili akauacha ulivyo. Kisha akapitisha damu katika mishipa ya miguu yote miwili. Damu iliyopita katika mguu uliovimba ilizidi kuwa nyepesi, maana ilikuwa imeyapokea yale maji. Damu ya mguu wa pili haikuwa hivyo. Basi maji ya nyama huweza kurudi damuni moja kwa moja. Alipoweka maji ya damu yenyewe mahali pa maji ya chumvi, hayakurudi kwa njia hiyo. Ni tofauti gani iliyokuwapo kati ya maji haya na yale? Tofauti ni ute.

Katika maji ya damu mna protini, na iliyo nyingi ni ya namna moja na ute mweupe wa yai. Ute huu haupenyi kwa urahisi katika kuta za mishipa; hubaki ndani, nao huyavuta maji. Jambo hili si geni jikoni mwetu. Mtu akiipaka chumvi nyama ya papa, baada ya muda maji hutoka katika nyama na kuifuata chumvi. Kwa mfano huo ute ulio ndani ya mishipa huyavuta maji ya nje. Starling aliupima mvuto huo kwa chombo chenye utando mwembamba, akaona ni kadiri ya milimita 25 hadi 30 za zebaki. Kipimo hicho kilikuwa karibu sana na msukumo wa damu katika vichochoro vyake. Ndipo ikawa wazi kwamba nguvu mbili zapambana daima katika kila sehemu ya mwili, msukumo wa moyo ukiyatoa maji, na mvuto wa ute ukiyazuia na kuyarudisha.

Habari hizo alizitoa katika mwaka wa 1896, akiwa na umri wa miaka 30 tu. Kwa maneno hayo machache aina nyingi za uvimbe zilipata maelezo. Moyo ukichoka, damu hurundamana katika mishipa ya kurudi, msukumo huzidi, na miguu huvimba jioni. Figo zikiharibika, ute hupotea katika mkojo, mvuto hupungua, na uso huvimba asubuhi. Mtu akiungua moto au akiumwa na nyoka wa namna fulani, kuta za mishipa hudhurika, na ute wenyewe huvuja pamoja na maji. Hata jambo la kuokoa maisha lilipata maelezo yake. Mtu akitokwa na damu nyingi, kama mama katika kujifungua, msukumo hushuka, mvuto hushinda, na maji ya nyama huingia katika mishipa kuijaza kwa muda, mpaka msaada ufike.

KAZI ZAKE NYINGINE

Katika mwaka wa 1899 Starling alifanywa profesa katika University College, London, akakaa huko muda uliobaki wa maisha yake. Mwaka wa 1902 yeye na Bayliss waligundua kwamba utumbo hupeleka habari kwa kongosho kwa kutia kitu fulani katika damu, bila kutumia mishipa ya fahamu. Mwaka wa 1905 Starling alikipa kitu cha namna hiyo jina la homoni, na jina hilo limeenea katika lugha nyingi, hata katika Kiswahili. Baadaye, kabla ya vita vya mwaka 1914, alionyesha kwamba moyo ukijazwa damu zaidi hupiga kwa nguvu zaidi, kadiri ya uwezo wake.

Kazi hizi zote zilifanywa kwa wanyama, hasa mbwa waliotiwa dawa ya usingizi. Wako waliochukizwa na jambo hilo. Katika mwaka wa 1903 Bayliss alisingiziwa hadharani kwamba alimpasua mbwa asiyelala sawasawa. Alishitaki, mahakama ikampa haki, na aliyemsingizia akalipa pauni 2,000. Hata hivyo ugomvi juu ya mbwa yule haukukoma mjini London kwa miaka mingi. Sisi hatupimi neno hili kuwa dogo. Faida aliyoipata mwanadamu ilinunuliwa kwa uhai wa wanyama, na haifai kulisahau jambo hilo tunapofurahia maarifa.

WAKATI WA VITA

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza katika mwaka wa 1914, Starling aliingia katika jeshi la madaktari. Wajerumani walipotumia gesi ya sumu mwaka wa 1915, aliwekwa kutafuta njia za kuwakinga askari. Gesi hizo ziliharibu kuta za mishipa ya mapafu, maji ya damu yakavuja ndani ya mapafu, na askari wakafa kana kwamba wamezama, ingawa walikuwa nchi kavu. Lile alilolichunguza kwa utulivu katika mguu wa mbwa sasa aliliona likiua watu. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema wazi, aliwalaumu wakubwa wa jeshi kwa uzembe wao, nao hawakumpenda.

Naye Bayliss aliitumia kanuni ya shemeji yake kwa njia nyingine. Majeruhi waliopoteza damu walikuwa wakitiwa maji ya chumvi mishipani, lakini maji hayo yalitoka upesi kwenda katika nyama, wakafa. Bayliss aliongeza gundi ya mgunga, ile itokayo katika miti ya Afrika. Gundi haipenyi upesi katika kuta za mishipa, basi ilishika mahali pa ute, ikayazuia maji ndani. Dawa hiyo ilitumika katika vita kuanzia mwaka wa 1917. Baadaye iliachwa, maana gundi hubaki mwilini na kuleta madhara, na njia bora zilipatikana.

Starling aliporudi kutoka Salonika, alifanywa mwenyekiti wa kamati ya chakula ya Royal Society, iliyoishauri serikali jinsi ya kuwalisha watu wakati meli zilipokuwa zikizamishwa. Vita vilipokwisha, katika mwaka wa 1919, alipelekwa Ujerumani pamoja na wengine kuangalia hali ya chakula. Nchi ile aliyojifunza ujanani mwake ilikuwa imedhoofika kwa njaa, na uvimbe wa njaa ulikuwa umejulikana sana katika Ulaya ya kati katika miaka ile. Yeye na wenzake waliandika taarifa juu ya hali ya watu wale, ambao jana tu walikuwa adui zao.

MWISHO WAKE

Mwaka wa 1920 Starling alipasuliwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mkubwa. Alipona kwa kiasi, lakini nguvu za kwanza hazikumrudia. Hata hivyo alirudi kazini, akachunguza kazi ya figo pamoja na kijana Verney. Mwaka wa 1924 Bayliss alikufa. Katika mwaka wa 1927 Starling alipanda meli iliyochukua ndizi, akaenda visiwa vya Karibi kutafuta afya. Alisafiri peke yake. Tarehe 2 Mei 1927, meli ikikaribia bandari ya Kingston, Jamaika, alifariki akiwa na umri wa miaka 61. Alizikwa katika nchi ile ya ugeni, katika uwanja wa kanisa la Half Way Tree.

Katika mwaka huohuo kijana mmoja wa Marekani, Eugene Landis, alitangaza kazi yake ya kuchoma vichochoro vya damu vya chura kwa sindano ya kioo nyembamba mno, akaupima msukumo wa kila kimoja. Vipimo vyake vilikubaliana na kanuni ya Starling.

KANUNI YAKE KATIKA AFRIKA

Kanuni hiyo ilifika kwetu kwa njia ya watoto. Katika mwaka wa 1935 Dr. Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliueleza ugonjwa uitwao kwashakoo kwa jina lake la Kiga, ambalo huelezwa kuwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake aliyezaliwa. Mwaka huohuo Dr. Hugh Trowell alihama Kenya akaenda Uganda, akafanya kazi katika hospitali ya Mulago. Aliwaona watoto wengi waliovimba, kwanza akadhani ni ugonjwa mwingine. Baada ya miaka mingi, katika mwaka wa 1954, yeye na madaktari Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu ya kwashakoo. Trowell baadaye aliacha utumishi wa serikali, akawa kasisi katika Kanisa la Uingereza.

Mtoto wa namna hiyo amekosa chakula kinachofaa, na ute wa damu yake umepungua. Mvuto umelegea, na maji yamebaki katika nyama. Wataalamu wa leo huongeza kwamba upungufu wa ute si sababu ya pekee, maana magonjwa ya kuambukiza na udhaifu wa kuta za mishipa nao huchangia. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeona ya kwamba kitanda cha baba na mama ndicho kilichomvimbisha mtoto.

Kanuni ya Starling yenyewe imerekebishwa. Yeye alidhani kwamba maji mengi hurudi moja kwa moja katika mwisho wa vichochoro vya damu. Wachunguzi wa siku hizi wameona kwamba ndani ya kuta mna utando laini sana, na kwamba katika sehemu nyingi za mwili maji hayarudi daima kwa njia hiyo. Mengi hurudi kwa njia ya pili, yaani mishipa ya limfu. Mishipa hii huanzia katika nyama, hupita katika tezi za kinenani, za kwapani na kwingineko, kisha humwaga maji katika mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo. Tezi hizo za kinena zikivimba ndizo watu waziitazo mtoki. Hukisiwa kwamba maji yatokayo na kurejeshwa kwa njia hii hufika hata lita 8 kwa siku, yaani zaidi ya mara mbili ya maji yote ya damu. Hivyo kanuni haikuvunjwa; mvuto na msukumo ni vilevile, lakini mtaro wa limfu umeonekana kuwa na kazi kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Na hapo ndipo tunapofika kwa yule mzee wa barazani. Watu wa Temeke na Kinondoni wajua hali ya mitaro ikizibwa na taka wakati wa masika: maji hayaendi, uwanja hujaa, nyumba huoza kwa chini. Mguu wenye matende ni uwanja wa namna hiyo. Mnyoo mwembamba kama uzi huingia katika mishipa ya limfu, hukaa humo miaka mingi, na kuiharibu. Maji yenye ute hukwama, ngozi huwa nene, na vidudu huingia katika nyufa zake na kuleta homa. Kwa mwanamume, mnyoo huohuo huleta busha. Patrick Manson aligundua katika mwaka wa 1877, huko Amoy nchini China, kwamba watoto wa mnyoo huu hukua ndani ya mbu. Katika miji yetu mbu anayeueneza sana huzaliana katika maji machafu ya mitaro na vyoo vya shimo. Basi mtaro ulioziba nje ya nyumba humlea mbu, na mbu huleta mnyoo uzibao mtaro wa mwilini.

Jambo hili lina dawa. Huko Makunduchi, Unguja, kuanzia mwaka wa 1988, chembe nyepesi za plastiki zielazo juu ya maji zilimwagwa katika vyoo vya shimo, mbu wasiweze kuzaliana, na watu wakapewa dawa ya minyoo. Ugonjwa ukapungua sana. Tanzania Bara, kazi ya kugawa dawa kwa watu wote ilianzia kisiwa cha Mafia katika mwaka wa 2000. Mabusha huondolewa kwa kupasuliwa. Mguu wenye matende huoshwa kila siku kwa sabuni na maji safi, hukaushwa vema hata katikati ya vidole, huinuliwa mtu anapoketi, na viungo hunyoshwa, ili maji yapate kwenda. Mguu uliokwisha kuwa mnene sana huenda usirudi kuwa kama wa kwanza, lakini homa hupungua na mtu huweza kufanya kazi tena.

YATUPASAYO

Sisi tulio wachungaji, wainjilisti na wazee wa mitaa, aghalabu hufika kwa mgonjwa kabla ya daktari. Neno letu la kwanza laweza kumfungulia mlango au kumfungia. Tukikubali kwa kichwa tu maneno ya uchawi, ya madafu na ya kubemenda, tumeyathibitisha, na mgonjwa ataendelea kufichwa chumbani.

Basi tujue haya. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili yuko hatarini, hata kama anaonekana mnene. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, wala asingoje. Mama mjamzito aliyevimba uso na mikono, mwenye kuumwa kichwa au kuona ukungu, apelekwe hima, maana huenda kifafa cha mimba kiko karibu. Mwenye kuvimba miguu pamoja na kuhema achunguzwe moyo, na mwenye kuvimba uso asubuhi achunguzwe mkojo. Mwenye matende na mwenye busha waambiwe kwamba ugonjwa wao una jina, sababu na msaada, tena kwamba si aibu. Mama aliyelaumiwa naye aondolewe lawama mbele ya wale waliomlaumu, kwa maana walimlaumu mbele za watu.

Starling hakufika Afrika ya Mashariki, wala hakumwona hata mtu mmoja wa Mbagala au Tandale. Aliuliza tu, kwa subira na kwa vipimo, maji hutoka kwa nguvu gani na hurudi kwa nguvu gani. Kwa sababu aliuliza hivyo, mtu wa leo anapouona uvimbe aweza kuuliza ni njia gani iliyozibika au ni nguvu gani iliyopungua, asiulize ni jirani gani aliyeroga. Swali la kwanza laweza kumfikisha mgonjwa hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala. Swali la pili halijamponya mtu.